Je, Wajua? Mgeni Kafika Isiolo

Dada yangu na shemeji wako Muscat, Oman, mwaka wa tisa sasa. Kila Ijumaa simu yangu hujaa picha: leo ngome, Ijumaa ijayo bonde lenye maji ya kijani, nyingine tena wanawe watatu wamekaa juu ya tuta la mchanga kama kunguru ukutani. Mwaka huu zamu iligeuka. Walikuja Isiolo wiki mbili, na watoto wakaniuliza maswali kama makarani wa sensa. Nusu ya haya niliwajibu mimi. Nusu nyingine nilifunzwa na wao.

JE, WAJUA kwamba wapo wazee wa Isiolo ambao wakipanda basi la Nairobi bado huaga kwa kusema, "Naenda Kenya"? Si utani. Serikali ya kikoloni iliifunga kaskazini yote ya Kenya kwa sheria ya 1926, ikaikaza kwa nyingine ya 1934, na Isiolo ikawa lango lake. Msafiri asiye mkazi hakupita bila kibali. Uhuru ulipokuja, vita vya shifta vilifuata na sheria za hali ya hatari zikaanza Desemba 1963. Hazikufutwa hadi 1991. Mpwa wangu mkubwa alisikiliza, akauliza, "Kwa hiyo mjomba, tungehitaji viza kuja kwa bibi?" Nikamwambia ya bibi ingepatikana, shida ingekuwa ya kurudi.

(Hapa kwetu bibi huitwa nyanya. Mdogo wao alikataa katakata. Nyanya, alisema, zinatiwa kwenye kachumbari.)

JE, WAJUA kwamba kutoka Nanyuki hadi Isiolo, mwendo wa kilomita 80 hivi, unavuka misimu miwili? Timau unafunga zipu ya koti hadi kidevuni. Kisha barabara inaanza kuteremka, na ukifika Isiolo, mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, koti liko mapajani na dirisha liko wazi. Wageni kutoka Nairobi hulalamika joto. Hawa wa Muscat, wanaotoka kwenye majira ya joto yanayopita nyuzi 40, walitafuta swichi ya kipoza hewa ukutani, wakakuta msumari wenye kalenda.

JE, WAJUA namna ya kukataa kahawa Oman? Unatikisa kikombe. Ukikirudisha bila kukitikisa, kinajazwa tena, na tena, kwa ukarimu usio na breki. Mama yangu alipokwenda kuwatembelea hakuna aliyemwambia. Jioni ya kwanza, kwa majirani, alikunywa vikombe saba kwa heshima na tende juu yake, akakesha akihesabu mapangaboi. Vikombe vyenyewe ni vidogo, havina mkono, na kahawa ina iliki. Lakini saba ni saba.

Alipolipiza kisasi alikilipiza vizuri. Wageni walipofika aliwawekea buna. JE, WAJUA kwamba Waborana hula kahawa kabla ya kuinywa? Buni huchukuliwa na maganda yake, kila moja hung'atwa ncha kwa meno, kisha hukaangwa kwa samli mpaka jikoni kukanukia hadi kwa jirani. Huitwa buna qalla, na "qalla" ni kuchinja: kahawa iliyochinjwa. Huwa haikaangwi hovyo. Ni ya mgeni, ya dua, ya ndoa, ya mtoto kuzaliwa. Mpwa wangu wa kati alipewa kijiko cha buni zinazometameta mafuta, akatafuna, macho yakamtoka. Akaomba tena.

JE, WAJUA kwamba kulikuwa na watu Isiolo waliogoma kulipa kodi kwa sababu ilikuwa ndogo mno? Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo nivumilie.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali iliwapa makazi Isiolo Wasomali wa Isaaq na Herti waliokuwa askari wake. Asili yao ni ng'ambo, upande wa Ghuba ya Aden. Mwaka 1936 ikaja sheria mpya ya kodi ya kichwa: Wahindi shilingi 30, Waarabu na Wasomali shilingi 20. Mtu mwingine angechekelea kubaki na kumi yake. Waisaaq walikataa. Walidai watozwe 30, wahesabiwe Waasia, kwa sababu anayehesabiwa Mwasia ana haki ambazo mwenyeji hana: wapi aishi, mgonjwa wake alazwe wodi gani, mahakama gani imsikilize. Waliandika barua hadi London, na mvutano huo ukaendelea miaka mitano hivi. Wajukuu wa watu hao leo ni Wanaisiolo wa kawaida kabisa. Wanalalamikia kodi kama sisi wengine.

JE, WAJUA kwamba Mtaa wa Wabera katikati ya Nairobi una jina la mkuu wa wilaya yetu? Daudi Dabasso Wabera alikuwa Mwafrika wa kwanza kuishika Isiolo. Aliuawa kwa risasi Juni 1963 akiwa njiani kikazi, pamoja na chifu mkuu Haji Galma Dido, zikiwa zimebaki miezi michache nchi ipate uhuru. Maelfu hupita mtaa huo kila siku wakitafuta benki.

JE, WAJUA kwamba familia ya wageni iliyoijulisha Isiolo duniani ilikuwa na mtoto mmoja tu, naye alikuwa simba?

Baba wa familia, George Adamson, alizaliwa Etawah, India, mwaka 1906. Alifika Kenya 1924, na 1938 akaajiriwa na idara ya wanyamapori na kuwekwa Isiolo. Watu walimwita Bwana Game, baadaye Baba ya Simba. Mkewe alizaliwa 1910 katika mji ambao leo uko Jamhuri ya Cheki, akaitwa Friederike Victoria Gessner. Jina la Joy alibandikwa na mume wake wa pili, mtaalamu wa mimea Peter Bally. George alikuwa wa tatu, mwaka 1944.

Februari 1956 George alimpiga risasi simba jike aliyemjia mbio, kisha akasikia sauti kwenye ufa wa mwamba. Ndani mlikuwa na watoto watatu. Walibebwa hadi nyumbani Isiolo, wakalishwa maziwa, na mtunza bustani aliyeitwa Nuru akabadilishiwa kazi bila kuulizwa sana: kuanzia leo, mlezi wa simba. Wawili wakubwa walisafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Rotterdam. Mdogo, Elsa, akabaki.

Na alitembezwa huyo! Walimpeleka baharini Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, akaoga maji ya chumvi. Walikwenda naye kwa miguu, mizigo ikibebwa na punda, hadi Ziwa Rudolf, ambalo leo ni Turkana. Safari za kawaida alipanda juu ya paa la Land Rover. Wapwa zangu walidai huo ndio utaratibu wa haki, na kwamba gari la mjomba nalo lina paa.

Mnyama mwingine wa nyumba hiyo alikuwa pimbi, jina lake Pati, mnyama wa kimo cha sungura asiye na mkia wa kuonekana. Alikuwapo kabla ya simba, na walipofika wadogo akajipa cheo cha yaya.

Wageni hawakukatika. Mwaka 1960 kitabu cha Joy, Born Free, kilichapishwa, na mwaka huohuo David Attenborough alifunga safari hadi kambini kumpiga Elsa picha za filamu. Kufikia hapo simba alikuwa ameachiwa porini upande wa Meru, ana watoto wake. Alikufa Januari 1961 kwa ugonjwa wa kupe. Filamu ya sinema yenye jina la kitabu ilitoka 1966, na mgeni akija Isiolo kutafuta mandhari yake huwa namrudisha alikotoka: iliigizwa Naro Moru, chini ya Mlima Kenya.

JE, WAJUA kwamba kabla ya simba Joy alijulikana kwa brashi? Serikali ilimwajiri mwishoni mwa miaka ya 1940 achore watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao, na akamaliza picha mamia. Makumbusho ya Taifa inazo. Wapo waliokaa mbele yake na mapambo ambayo wajukuu wao leo wanayaona kwenye picha hizo tu.

Turukane haraka. Kituo cha Archers Post, ng'ambo kidogo ya mto Ewaso Nyiro, kina jina la Geoffrey Archer, ofisa aliyekianzisha 1909 na baadaye akawa Gavana wa Uganda. Jina la mto ni Kimaa, maana yake maji ya kahawia, na ukiuona wakati wa mvua hutauliza kwa nini. Maporomoko yake ya Chanler yana jina la tajiri wa Marekani, William Astor Chanler, aliyepita huku miaka ya 1890. Mwenzake wa safari, Ludwig von Höhnel, alijeruhiwa na kifaru vibaya hata akalazimika kubebwa kurudi pwani. Na Kulamawe? Hilo ni Kiswahili, soma polepole.

JE, WAJUA kwamba punda milia wetu ana jina la rais wa Ufaransa? Mwaka 1882 utawala wa Uhabeshi ulimtumia Rais Jules Grévy zawadi: punda milia mkubwa, mistari myembamba, masikio ya duara kama vijiko. Wataalamu wa Paris walitazama, wakakubaliana hawajawahi kumwona, wakamwita kwa jina la mpokeaji. Mnyama mwenyewe hakukaa, alikufa muda mfupi baada ya kufika. Walimjaza pamba wakamweka makumbusho. Siku hizi ndugu zake waliobaki porini ni elfu tatu hivi dunia nzima, na wengi wao wako Kenya kaskazini.

Wanahesabiwaje? Kwa kamera. Mistari ya kila mmoja ni yake peke yake, kama alama ya kidole. Mwaka 2016 watu wa kila aina, wachungaji, wanafunzi, familia za kigeni kutoka Nairobi, waligawiwa maeneo na kamera kwa siku mbili, kompyuta ikalinganisha mistari: 2,350. Mwaka 2018 wakarudia, wakapata 2,812. Wapwa zangu walipiga picha 114 za punda milia. Mia na mbili ni za makalio.

JE, WAJUA kwamba saa kumi na moja ni saa tano? Niliwaambia tutatoka kwenda Buffalo Springs saa kumi na moja alfajiri. Mpwa mkubwa, ambaye Kiswahili chake ni cha nyumbani na saa yake ni ya shule ya Muscat, akategesha simu yake 11:00. Tulimwamsha kwa maji.

Huko Buffalo Springs kuna dimbwi la maji safi ambalo watu huogelea. Inasemekana lilichimbwa na bomu la Waitaliano katika Vita Vikuu vya Pili, rubani akidhani kundi la nyati ni majeshi. Nimesimuliwa hivyo na madereva wanne, kila mmoja na nyati wa idadi yake. Dada alisema linamkumbusha Wadi Shab, ambako unaogelea kati ya kuta za mawe hadi unaingia pangoni. Tofauti moja: Wadi Shab hamna tumbili. Tuligeuka nyuma mara moja tu. Tulipotazama tena, sufuria ya sambusa ilikuwa juu ya mti, kifuniko kikiteremka tawi kwa tawi, na tumbili mmoja alikuwa amekalia kilemba cha shemeji.

JE, WAJUA kwamba ndovu wanaitana kwa majina? Utafiti uliochapishwa 2024, kwa kutumia sauti 469 zilizorekodiwa Samburu na Amboseli, ulionyesha kwamba ndovu hutoa mngurumo tofauti kwa kila mwenzake, na anayeitwa ndiye anayegeuka. Watafiti wa Save the Elephants, shirika lililoanzishwa 1993 na Iain Douglas-Hamilton, nao wamezipa koo za ndovu wa Samburu majina yao: kuna ukoo wa Kifalme, wa Dhoruba, hata wa Wake wa Marais. Ndovu hawajaulizwa.

Na mwaka 2002 simba jike wa Samburu alimchukua ndama wa choroa akamlea badala ya kumla. Wenyeji walimwita Kamunyak, aliyebarikiwa. Wa kwanza aliuawa na simba dume, jike akatafuta mwingine. Alirudia mara kadhaa. Halafu hakuonekana tena.

JE, WAJUA kwamba kitu ambacho Wamarekani walikishindania kwa kuziba pua, huku ni chakula? Katikati ya 2001 kipindi cha televisheni cha Survivor kilipiga kambi Shaba, Isiolo. Watu 16 walikaa ndani ya boma la miiba, na shindano mojawapo lilikuwa kunywa damu ya ng'ombe iliyochanganywa na maziwa. Kamera zilivuta karibu kabisa nyuso zao. Nimeonyesha kipande hicho kwa mzee mmoja Msamburu, fundi wa visu. Alitazama hadi mwisho, akauliza kama walimaliza kibuyu.

Mshindi, Ethan Zohn, alitumia sehemu ya dola zake milioni moja kuanzisha shirika linalofundisha vijana wa Afrika kuhusu UKIMWI kwa kutumia soka.

JE, WAJUA kwamba ngome ya Nizwa huko Oman na Fort Jesus ya Mombasa ni habari ya baba na mwana? Imamu Sultan bin Saif, aliyewafukuza Wareno Muscat mwaka 1650, ndiye aliyejenga mnara mkuu wa Nizwa. Juu ya milango yake kuna matundu, na waelekezaji huonyesha namna asali ya tende ilivyomwagwa ikichemka juu ya vichwa vya maadui. Mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliizingira Fort Jesus tangu 1696 na kuitwaa 1698. Watoto hawa waliona ya baba Desemba, ya mwana mwezi jana wakipitia Mombasa. Mdogo alitaka kujua asali ya Mombasa iko wapi.

JE, WAJUA kwamba watu hulipa hoteli ili kunyeshewa? Salalah, kusini mwa Oman, kati ya Juni na Septemba hupata ukungu na manyunyu wanayoyaita khareef, milima ikawa ya kijani, na Waarabu wa Ghuba nzima humiminika huko kukaa nje na kulowa. Mtu wa Isiolo ataelewa upesi. Ila mvua yetu ina hasira. Machi 2010 Ewaso Nyiro, uliokuwa umenyeshewa huko juu milimani, ulifurika usiku, ukafagia kambi kadhaa za watalii na ile ya watafiti wa ndovu, na wageni wakaokolewa kwa helikopta.

Haraka tena. Uwanja wa ndege wa Isiolo ni wa kimataifa kwa jina na njia ya kurukia ya kilomita 1.4 kwa urefu. Dada alitazama ubao, akatazama lami, akacheka peke yake. Barabara ya kwenda Moyale, kipande cha kwanza hadi Merille, ilijengwa na kampuni ya Kichina, na waliokuwa watoto wakati huo bado wanajua kuhesabu hadi kumi kwa Kichina. Maziwa ya ngamia yanayonywewa Eastleigh asubuhi mengi yametoka hapa kwa basi, yamekusanywa na vikundi vya akina mama kama Anolei. Yana harufu ya moshi kwa sababu chombo hufukizwa kwa ukuni wenye harufu nzuri kabla ya kutiwa maziwa. Shemeji, mlaji wa mtindi wa paketi, alidhani yameungua.

JE, WAJUA George Adamson alikufaje? Watoto waliuliza, na sikuwaficha.

Joy alitangulia. Aliuawa Shaba tarehe 3 Januari 1980, alipokuwa akimrudisha porini chui aliyeitwa Penny. Taarifa ya kwanza ilisema ni simba. Uchunguzi ukaonyesha ni kisu, na mfanyakazi wake wa zamani akahukumiwa. George alikuwa Kora, ng'ambo ya mto Tana, tangu 1970, akiwazoesha simba pori. Huko ndiko alikopelekewa Christian, simba aliyenunuliwa dukani Harrods, London. Vijana wawili waliomlea walikuja kumtembelea 1971, bila uhakika kama atawakumbuka. Mkanda wake umetazamwa na mamilioni: simba anashuka jabali polepole, anasita, kisha anakuja mbio na kuwarukia mabegani, mikono miwili shingoni.

Tarehe 20 Agosti 1989 majambazi wenye bunduki walimvamia mgeni wa George, mwanamke Mjerumani, kwenye njia ya uwanja wa ndege wa kambi. Mzee alikuwa na miaka 83. Alisikia risasi, akaruka kwenye Land Rover na wafanyakazi wake wachache, akaendesha moja kwa moja hadi kwao. Aliuawa pamoja na wafanyakazi wake wawili. Mgeni alipona.

JE, WAJUA kwamba nyama inaweza kukaa miezi bila friji? Koche ya Waborana, au nyirinyiri kama wengi mjini wanavyoiita, hukatwa vipande vidogo, hukaushwa, hukaangwa hadi maji yote yaishe, kisha huzamishwa katika mafuta yake. Ilibuniwa kwa ajili ya msafiri. Mama alifunga makopo matatu, akayazungushia kanga mbili, akayaweka katikati ya sanduku la dada na kuketi juu yake ili zipu ifunge.

Gari lilikuja saa kumi na mbili, na safari hii hakuna aliyekosea saa. Chai ya mwisho ilinywewa wima. Mdogo alimaliza, akanyoosha mkono na kutikisa kikombe chake kwa adabu zote za Muscat, na mama akakijaza.